Farasi wa plau aliyenunuliwa dola 80 akawa bingwa wa kuruka viunzi: bingwa hapa ni farasi, mtu au shamba?

#1 Mnyalu wa Kihesa
Kamwene wakuu.

Jana umeme ulikatika hapa Iringa, chaji iliyobaki kwenye simu nikaimalizia kusoma maisha ya mzee mmoja, Harry deLeyer. Usingizi ukakata.

Kazaliwa Uholanzi 1927, kijiji cha Sint-Oedenrode, kakulia shambani. Mwaka 1950 akahamia Marekani na mkewe, akaanzia kwenye shamba la tumbaku. Baadaye akapata kazi ya kufundisha wasichana kupanda farasi kwenye shule moja ya bweni, Long Island, New York. Februari 1956 akaenda mnadani Pennsylvania, mji wa New Holland, kutafuta farasi wa bei chee wa kufundishia. Akachelewa. Waliobaki walikuwa wameshapakiwa kwenye lori la machinjioni.

Akachungulia. Kuna mmoja wa kijivu, mchafu, kifuani ana alama za mikanda ya kuvutia plau. Akaomba ashushwe. Dola 80. Siku anafika nyumbani theluji inadondoka, watoto wakamwita Snowman, yaani yule mtu wanayemfinyanga kwa theluji.

Miaka miwili mbele, 1958, farasi huyo ni bingwa wa kuruka viunzi Madison Square Garden, ule ukumbi mkubwa wa New York, na Farasi wa Mwaka wa Marekani nzima. Halafu akaenda Olimpiki.

Swali: kilichomfanya awe bingwa ni nini? Plau? Damu? Au jicho la mtoto wa shamba? La pili: sisi huku Mufindi, Kitulo, Mbozi, baridi tunayo, majani tunayo, mashamba tunayo. Mbona hatutoi hata mmoja?

#2 Dereva wa Tunduma
Siti ya mbele. Karanga ninazo, tuendelee.

#3 Chapakazi_Igurusi
Chai hii. Tena ya rangi, haina hata tangawizi. Nimelima na maksai tangu nina miaka tisa. Mnyama wa plau akizoea nira anatembea kama mzee anatoka msibani. Maksai wangu mfereji wa futi mbili anazunguka hadi darajani. Leo uniambie mnyama wa plau karuka uzio unaonifika kidevuni?

#4 Mama Viazi Isyonje
#3 unafananisha ng'ombe na farasi? Kwa hiyo na bata angeruka angekuwa mwewe.

#5 Dokta wa Ng'ombe
Mleta mada umetuletea kitu kizuri, ila nikusahihishe kimoja. Snowman hakwenda Olimpiki. Enzi zile Olimpiki ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa, na deLeyer alikuwa analipwa kufundisha watu kupanda farasi. Ubingwa wake ni wa mashindano ya ndani ya Marekani, na aliurudia 1959.

Kuhusu plau: injini ya farasi iko nyuma, mapajani na kiunoni. Kuruka anasukuma kwa miguu ya nyuma, na kuvuta mzigo pia anasukuma kwa miguu ya nyuma. Kwa hiyo #3, usishangae sana. Ila nguvu peke yake haitoshi, angepasua viunzi vyote. Lazima akunje miguu ya mbele na ajue aanzie wapi kupaa.

#6 Mnyalu wa Kihesa
#5 asante dokta, nilichanganya. Olimpiki nimefuta kichwani.

#7 Chapakazi_Igurusi
Umefuta kichwani, kwenye uzi bado ipo.

#8 Gwakisa wa Lwangwa
Ugonile bagosi.

Nadhani mnapita pembeni ya jambo kubwa. Mleta mada karuka kipande kitamu kuliko vyote. Snowman alipopata afya kidogo, Harry alimuuza kwa daktari jirani kwa faida. Farasi akaruka uzio akarudi. Daktari akamfuata, akapandisha uzio juu. Akaruka tena akarudi. Ikafika mahali wakamfunga tairi la gari, akarudi nalo analiburuta. Ndipo Harry akajiuliza: huyu anaruka hivi bila mtu mgongoni wala fimbo, nikimfundisha je?

Kwa hiyo jibu langu: hakuwa anaruka viunzi, alikuwa anarudi kwao. Kila kiunzi kwake kilikuwa uzio wa daktari.

#9 Mzee wa Igurusi Juu
#8 umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa na maksai, rangi ya majivu, babu alimwita Shekilango, sijui kwa nini. Tukamuuza kwa mtu wa Chimala. Siku ya tatu alfajiri natoka kukojoa namkuta kasimama nje ya zizi, kamba ya katani shingoni imekatika, kwato zina matope mekundu ya huko. Hajalia, hajafanya nini. Kasimama anangoja afunguliwe, kama mtu aliyechelewa lango la shule.

#10 Dereva wa Tunduma
#9 huyo alipanda lori. Barabara ya Chimala naijua, saa tisa usiku unapata lifti fasta.

#11 Binti Ukinga
#9 mkaishia wapi? Mlimbakiza?

#12 Chapakazi_Igurusi
#9 jirani yangu kumbe. Lakini ona, wako katembea barabara ya lami. Hajaruka kitu.

#13 Sita Miaka Zizini
Salaam. Nilikuwa nasoma tu ila acha niingie, maana hii ni kazi yangu ya zamani. Nimetunza farasi miaka sita kwenye shamba moja la huku nyanda za juu, jina tuliache.

Farasi anafundishwa kuruka hivi: kwanza miti inalazwa chini kabisa, anatembea juu yake hatua kwa hatua. Akizoea, unanyanyua upande mmoja juu ya debe la rangi. Kesho pande zote mbili. Sisi tulikuwa na miti ya mikaratusi tumeipaka nyeupe na nyekundu, ikinyesha rangi inachuruzika. Ukikaa karibu unasikia: farasi mzuri akigusa mti, kwato inatoa "tok" moja, na mzunguko unaofuata anainua miguu zaidi bila kuambiwa. Asiyejali anagusa tok, tok, tok, anaendelea zake.

Snowman alikuwa huyo asiyejali. Alianza kwa kujikwaa kwenye miti iliyolazwa chini! Anayeruka uzio wa jirani anashindwa kuvuka gogo. Kwangu hilo halinishangazi. Nilikuwa na jike mmoja, miti mifupi anaipiga mateke kama analipwa, ukiipandisha ikamfika kifuani ndiyo anaamka, masikio mbele, anapaa. Kuna wanyama kitu kidogo hawakioni kama kinawahusu.

#14 Gwakisa wa Lwangwa
#13 umeniunga mkono bila kujua. Gogo chini halimrudishi kwao.

#15 Sita Miaka Zizini
#14 sijakuunga mkono. Yule jike wangu hakuwa na kwao pa kurudi, alizaliwa palepale.

#16 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Vijana, hamjambo. Kwa wasioujua mchezo wenyewe niseme kidogo: ukiangusha mti, makosa manne. Farasi akigoma mbele ya kiunzi, manne mengine, na akizidisha kugoma anatolewa. Ukizidi muda unaongezewa. Mwenye makosa machache ndiye mshindi, wakilingana wanarudia uwanja mfupi kwa saa. Viunzi vya Olimpiki vinafika mita 1.60 na ushee, na vingine ni vipana. Wanaume na wanawake wanashindana pamoja.

Kuna ule mchezo wa kuruka juu tu. Rekodi yake ni mita 2.47, farasi anaitwa Huaso, mpandaji Kapteni Alberto Larraguibel, Viña del Mar nchini Chile, Februari 1949. Hadi leo haijavunjwa. Mwamba wa goli la mpira uko mita 2.44. Nendeni uwanja wa Sokoine pale Mbeya, msimame chini ya goli, mtazame juu.

#17 Chapakazi_Igurusi
Shikamoo mwalimu. Hiyo ya goli imenikalisha.

#18 Mama Viazi Isyonje
Shikamoo mwalimu. Chapakazi kakubali kitu leo, tuandike tarehe.

#19 Mbozi Kahawa
Mimi naingia upande wa damu. Snowman mnamwita farasi wa plau, ila nani alijua baba yake? Kwenye lori la machinjioni hakuna cheti cha kuzaliwa. Inawezekana kabisa damu ya mbio ilikuwemo. Kahawa ni hivyohivyo: mche unaota pembeni ya choo unazaa kuliko kitalu kizima, watu wanasema miujiza, kumbe mbegu ilitoka mahali.

#20 Dokta wa Ng'ombe
#19 hoja ina mashiko ila haithibitiki, na mifano inakukataa pia. Halla, jike wa Mjerumani Hans Günter Winkler, mama yake hakuwa na ukoo wa maana, na baba yake alikuwa wa mbio za kukokota kigari. Olimpiki ya 1956, mashindano ya farasi yalifanyika Stockholm kwa sababu Australia walikuwa na masharti makali ya karantini. Winkler akachanika msuli wa kinena mzunguko wa kwanza. Wa pili akapanda akiwa hawezi hata kumwongoza vizuri, anagugumia tu kwa maumivu. Halla akaruka viunzi vyote bila kosa. Dhahabu. Na Jappeloup wa Pierre Durand, dhahabu Seoul 1988, alikuwa kafarasi kadogo, baba yake naye wa kukokota kigari. Damu "sahihi" iko wapi hapo?

#21 Mbozi Kahawa
Dokta umetaja damu ya baba mara mbili ukithibitisha kwamba damu haina maana.

#22 Dereva wa Tunduma
😂😂 Dokta kala tano za uso.

#23 Binti Ukinga
Mnawaongelea wanaume tu. Marion Coakes, binti wa mkulima wa kusini mwa Uingereza, alikuwa na Stroller, farasi mfupi wa aina ya poni, chini ya sentimita 148 mabegani. Wakubwa wote wanamtazama kutoka juu. Olimpiki ya Mexico 1968 kachukua medali ya fedha, na Stroller alikuwa na jino bovu siku hizo. Mwaka mmoja kabla alishinda ile Dabi ya Hickstead, mashindano ya hukohuko Uingereza yenye vizuizi vya kutisha.

Nauliza: Marion alimpata Stroller akiwa bado msichana wa shambani, wakakua pamoja. Kwa nini tusiseme ni muda? Mtoto wa mjini anakutana na farasi Jumamosi saa nne hadi saa tano. Wa shambani anamkuta zizini akitoka kupiga mswaki, anajua leo kakojoa vipi, kala nini, kanuna kwa nini. Babu yangu Makete alikuwa anajua punda wake anaumwa kwa namna anavyosimama tu.

#24 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
#23 umesema. Ongeza akina Whitaker wa Yorkshire, familia ya wakulima, mama yao ndiye aliyewafundisha kupanda. Ndugu wawili, John na Michael, walikuwa timu moja Los Angeles 1984, wakachukua fedha. John na farasi wake mweupe Milton walishinda fainali ya Kombe la Dunia 1990 na 1991.

Ila Nick Skelton, dhahabu Rio 2016 akiwa na miaka 58 baada ya kuwahi kuvunjika shingo, baba yake alikuwa mtu wa duka la dawa. Kwa hiyo shamba si sharti.

#25 Chapakazi_Igurusi
Miaka 58 anaruka na farasi, shingo iliwahi kuvunjika. Mimi 41 nikipanda bodaboda hadi Mbalizi kiuno kinaomba likizo.

#26 Mwananchi Mkali
Naona mmenogewa. Mnada ule wa New Holland, siku ile ile, lori lile lile lilikuwa na farasi wengine. Wamekwenda. Mnaongelea mmoja aliyeshushwa mnajenga nadharia za plau na damu na kwao. Pengine kwenye lori walikuwemo watatu wa kuruka kumzidi, na hamtawajua kamwe kwa sababu Harry alikuwa na dola 80 tu. Hii ni bahati. Tena alichelewa kwa bahati, angewahi angenunua mwingine mzuri wa sura.

#27 Mnyalu wa Kihesa
#26 aisee. Hiyo ya kuchelewa sikuiwaza.

#28 Gwakisa wa Lwangwa
#26 bahati ilimshusha, haikumrusha uzio wa daktari.

#29 Mama Viazi Isyonje
Na baada ya umaarufu kuna tajiri alitaka kutoa dola 100,000, Harry akakataa. Mtu ana watoto wanane! Mimi ningeuza, nikalia njiani kurudi.

#30 Binti Ukinga
Mkinga angeuza, akanunua fremu mbili Kariakoo, moja akaipa jina Snowman.

#31 Mnyalu wa Kihesa
😂 Umejisema mwenyewe, watani tupo hapa.

Jamani swali la pili hamjaligusa. Kwetu je?

#32 Dokta wa Ng'ombe
Baridi ya huku inasaidia kweli. Mbung'o hawapendi nyanda za juu kama Kitulo, pale unazidi mita 2,600, kwa hiyo nagana, ugonjwa wanaoueneza, si tishio kubwa kama mabondeni. Adui ni ugonjwa mwingine wa farasi, ule wa Afrika, unaoletwa na usubi. Pundamilia anaubeba bila kuugua, punda naye mara nyingi hasumbuki, farasi anakufa. Chanjo ipo. Lakini nchi yenye ugonjwa huu, kumtoa farasi kwenda kushindana Ulaya ni karantini juu ya karantini. Kijana wa Mufindi hata akiwa na kipaji, atakwenda kuazima farasi hukohuko.

#33 Sita Miaka Zizini
#32 nathibitisha. Kwetu jua likizama farasi wote ndani, asubuhi jua likipanda ndiyo wanatoka, kwa sababu usubi anauma usiku. Masika moja kuna zamu haikuwarudisha mapema, watu walikuwa wanaangalia mpira. Sikuwa mimi, ila nilikuwa hapo. Baada ya siku chache dume mmoja akaanza kuvimba pale juu ya jicho, unajua kuna kashimo pale? Kalijaa, kakawa kama yai. Jioni pua zinatoa povu jeupe kama la sabuni ya unga. Nilimshika hatamu hadi saa kumi alfajiri. Kulipopambazuka alishakufa, kaegemea ukuta.

Mwenye shamba hakusema kitu. Alikuja na gamubuti akasimama mlangoni, akaondoka.

#34 Mama Viazi Isyonje
Pole sana kaka.

#35 Mbozi Kahawa
Pole mkuu. Na kuna la hela tusilifiche. Harry alianza na dola 80. Leo farasi wa kushindana ngazi ya juu anauzwa mamilioni ya dola, analetwa kwa ndege, ana daktari wake na fundi wake wa kwato. Mtoto wa mkulima wa leo, hata huko Uholanzi, anafanya kazi ya kumpandia tajiri farasi wake. Akishinda, farasi anauzwa kesho yake kwa mwingine.

#36 Mwananchi Mkali
#35 hilo ndilo nililokuwa nangoja mtu aseme.

#37 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Harry mwenyewe aliendelea kupanda hadi uzeeni, walimwita babu anayekimbiza farasi. Kafariki 2021 akiwa na miaka 93. Snowman alikufa 1974, shambani kwake. 1992 wakamwingiza kwenye jumba la heshima la mchezo huo.

#38 Chapakazi_Igurusi
Nakubali farasi anaruka. Sikubali kwamba plau ilimsaidia. Kama plau inasaidia, wazee wote wa Usangu wangekuwa wanaruka.

#39 Sita Miaka Zizini
#38 plau ilimpa kitu kimoja: hakushtuka. Farasi wa zizini akiona kofia imepeperuka anakimbia nusu ekari. Aliyevuta plau kashaona mijeledi, mbwa, jiwe, mvua, watoto. Uwanjani pale New York kuna taa, muziki, maelfu ya watu. Wengine wanatetemeka, yeye anaangalia mti tu.

#40 Gwakisa wa Lwangwa
Anaangalia njia ya kwao.

#41 Sita Miaka Zizini
Wewe nimekuachia.

#42 Dereva wa Tunduma
Nipo Makambako nimepaki, nauliza serious kidogo: punda anaruka? Hapa kuna jamaa anauza wawili.

#43 Dokta wa Ng'ombe
Nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, anaruka vizuri, tena anaruka akiwa amesimama, hahitaji kukimbilia. Punda wako atakutazama tu.

#44 Binti Ukinga
#9 Mzee, nilikuuliza tangu juzi ukanipita. Shekilango mlimbakiza?

#45 Mzee wa Igurusi Juu
Sikukupita binti, nilikuwa nawaza nijibu vipi.

Tulimrudisha. Hela ilikuwa imeshalipa ada yangu ya kidato cha tano. Babu alimpa pumba kwanza, akala akashiba, nikamswaga mimi mwenyewe hadi Chimala, kutwa nzima, tukapumzika mara mbili. Yule mnunuzi akamfunga mnyororo badala ya kamba. Asubuhi kadhaa nilikuwa naamka mapema nakwenda kuangalia nje ya zizi.

#46 Chapakazi_Igurusi
Dah.

#47 Dereva wa Tunduma
Nimemwachia jamaa punda wake, nimeondoka. Gunia la viazi Isyonje leo shilingi ngapi, mama?